Kisu cha Kukunja: Tununue Feleji, Tusinunue Mng'aro



Mfanyakazi anayetoka Kiyeyi kwenda kutafuta kisu cha kazi, akifika Tororo au Busia, atakuta meza za wachuuzi zimejaa visu vya kukunja. Vyote vinang'aa. Vingi vimepigwa chapa ya "Stainless" kwa herufi kubwa, na bei yake haitishi. Atanunua kimoja, na baada ya wiki mbili za kukata kamba za mkonge na kupasua magunia, makali yamelala, kiungo kimelegea, na siku moja kisu kitajikunja chenyewe juu ya vidole vyake. Atarudi kununua kingine kama hicho hicho.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza namna mtu wa mshahara mdogo anavyoweza kupata kisu kigumu cha kukunja chenye feleji nzuri. Jambo hilo linawezekana. Feleji nzuri yenyewe si ghali kama tunavyodhani. Sehemu kubwa ya fedha zetu huenda kwenye mng'aro, kwenye chapa, na kwenye kununua kitu kimoja mara sita.

Hatuzungumzi juu ya kisu cha kumenyea chungwa. Wapo wenzetu wanaopakua malori mpakani, Malaba na Busia, ambao kutwa nzima hukata kamba za turubai. Wapo wa viwanda vya saruji wanaopasua mifuko na kupunguza mikanda ya mpira ya mashine. Wapo wa mashamba ya miwa wanaofungua mafungu ya mbegu na magunia ya mbolea. Panga haliingii mfukoni, na wembe hauna mpini. Kwa kazi hizo kisu cha kukunja kina nafasi yake.

Feleji ni nini?

Chuma kitupu ni laini. Huwa feleji kinapotiwa kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo ndani ya makaa. Kiasi chake ni kidogo mno. Katika kilo 100 za chuma cha misumari au mabati, kaboni ni kama robo kilo au chini yake, na chuma hicho hata ukikipasha moto na kukichovya majini hakitakuwa kigumu cha kutosha kushika makali. Katika kilo 100 za feleji ya kisu cha kazi, kaboni ni kuanzia nusu kilo hadi kilo moja hivi. Tofauti ya kisu na msumari, basi, ni ile nusu kilo. Springi ya lori, zile bapa zinazopangwa moja juu ya nyingine, ina kaboni kama gramu 600 katika kilo 100. Tupa ya kunolea msumeno ina kilo moja na zaidi.

Halafu kuna chuma kisichoshika kutu. Mwaka 1913 Mwingereza mmoja wa mji wa Sheffield, Harry Brearley, alitengeneza feleji yenye kromi nyingi ambayo haikuliwa na kutu. Leo, ili chuma kiitwe hivyo, kila kilo 100 ziwe na kromi isiyopungua kilo 10 na nusu. Lakini angalieni, ndugu: neno "Stainless" juu ya kisu linasema tu kwamba hakitashika kutu upesi. Halisemi kama kitakata. Kijiko nacho ni chuma kisichoshika kutu. Ziko feleji za namna hiyo zenye kaboni ya kutosha, na hizo ni nzuri sana, lakini mtengenezaji anayezitumia kwa kawaida hupiga jina la feleji yenyewe juu ya kisu. Anayeandika "Stainless" peke yake, mara nyingi hana zaidi la kusema. Na sumaku haisaidii hapa, ingawa wachuuzi hupenda kuitumia kama ushahidi, kwa sababu visu vibaya na vizuri vyote huivuta.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko jina la feleji, ni moto. Feleji bora kabisa isipopashwa na kuchovywa sawasawa ni bure. Fundi hupasha chuma mpaka kiwe chekundu na sumaku iache kukishika, yaani karibu nyuzijoto 770, anapandisha kidogo zaidi, kisha hukichovya katika mafuta. Hapo kinakuwa kigumu lakini huvunjika kama kioo. Ndiyo maana lazima kipashwe tena kwa moto mdogo, kama nyuzijoto 200, mpaka kigeuke rangi ya majani makavu. Anayeruka hatua hii ya mwisho ili amalize mapema, kisu chake kitavunjika siku ya kwanza kitakapokutana na waya.

Viwandani ugumu hupimwa kwa kipimo kiitwacho Rockwell. Tupa hufika 62 na zaidi. Kisu kizuri cha kazi ngumu kiko kati ya 55 na 60. Kikiwa chini ya 52 au 53 utakuwa unanoa kila saa. Kikipita sana 60 kitakata vizuri kwa muda mrefu, lakini makali yatamegeka ukigusa msumari, na kukinoa kwa jiwe la kawaida ni adhabu.

Visu vya bei ndogo vyenye feleji ya kweli

Kuna kisu kimoja ambacho historia yake inatugusa sisi Waafrika. Kinaitwa Okapi, na mnyama huyo wa misitu ya Kongo amechorwa kama chapa yake. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani Afrika, na wakati ule Tanganyika ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo hiki tangu mwanzo ni kisu cha mtu mweusi wa kipato kidogo, ingawa faida ilikwenda kwingine. Mwaka 1988 kazi ya kukitengeneza ilihamia Afrika Kusini, na mpaka leo wafanyakazi wa huko ndio wanaokiunda.

Okapi hakina urembo, isipokuwa nyota na mwezi zilizopigwa kwenye mpini wake wa mti. Feleji yake ni ya kaboni, kiasi cha nusu kilo na kidogo katika kilo 100. Inashika kutu ukiizembea. Lakini inanoleka upesi kwa jiwe lolote, na haivunjiki ovyo. Mgongoni kina springi na meno. Ukikifungua husikia mlio wa kra-kra-kra, na hakirudi mpaka uvute pete iliyo mgongoni. Kina ubaya wake pia. Kiungo chake ni cha msumari uliogongwa, kwa hiyo baada ya muda hulegea na kuhitaji kugongwa tena. Na kwa kuwa kinapendwa, kuna vya kuiga vingi. Mnyama anaweza kuchorwa na yeyote.

Ndugu yake wa Ulaya ni Opinel wa Ufaransa, kisu cha wakulima wa milimani kilichoanza mwaka 1890. Kile cha feleji ya kaboni kina karibu gramu 900 za kaboni katika kilo 100, na tangu mwaka 1955 kina pete ya chuma inayozungushwa ili ubapa usijikunje. Ni chepesi, kinakata kama wembe, lakini ubapa wake ni mwembamba. Hakifai kubandulia mbao za masanduku. Anayekipata kwa bei nzuri kwa ndugu aliye ng'ambo asikikatae.

Siku hizi kuna njia ya tatu. Katika mji wa Yangjiang, jimbo la Guangdong, China, viko viwanda vingi vya visu, na baadhi vinatumia feleji inayoitwa D2. Hiyo ilikuwa tangu zamani feleji ya viwandani, ya kutengenezea vyombo vya kukatia na kupondea mabati. Ina kaboni kama kilo moja na nusu na kromi kama kilo 12 katika kilo 100. Inashika makali muda mrefu kuliko Okapi, inastahimili kutu kidogo, na visu vyake vya kukunja vina komeo imara na kiungo cha skrubu kinachoweza kukazwa. Nyingine ya kutafuta ni 14C28N, ya Sweden, ambayo haishiki kutu kwa urahisi, na inafaa kwa wanaofanya kazi palipo na maji au utomvu. Hizi mbili ndizo tunazoziona kuwa mwisho wa fedha ya mfanyakazi. Ziko feleji za unga wa chuma, za Marekani na kwingineko, ambazo kisu chake kimoja hula mshahara mzima. Ni nzuri, lakini kuzinoa kunataka jiwe la almasi, na kazi ya kukata kamba hazihitaji.

Neno D2 nalo linaweza kupigwa uongo juu ya chuma chochote. Basi tusisome tu, tupime.

Namna ya kupima mezani

Nenda na tupa ndogo mfukoni. Mwombe muuzaji ruhusa uguse makali karibu kabisa na mpini, mahali ambapo hapaonekani. Tupa ikiteleza, au ikishika kwa shida sana, feleji imepashwa vizuri. Ikizama na kutoa unga kama inavyofanya kwenye msumari, rudisha kisu mezani bila kubishana. Muuzaji akikataa kabisa jaribio hilo, nalo ni jibu.

Kama una rafiki katika karakana ya kiwanda, kuna kipimo kingine. Chuma kikiguswa na jiwe la kusagia hutoa cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Feleji yenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka na kugawanyika kama nyota ndogo. Ulinganishe na msumari na tupa kuukuu, macho yatakuambia. Fanya hivyo nyuma ya mpini au mgongoni, si kwenye makali, na miwani ya kinga iwe usoni.

Kisha komeo. Tunasema hili kwa mkazo kwa sababu vidole havioti tena. Fungua kisu, shika mpini pande mbili ili vidole vyote viwe nje ya njia ya ubapa, halafu gonga mgongo wa ubapa kwa wastani juu ya meza ya mbao. Fanya mara tano, sita. Komeo likiachia hata mara moja, kisu hicho si cha kazi ngumu, hata kama feleji yake imetoka peponi. Kitikise pia kushoto na kulia. Kikicheza kingali kipya, baada ya mwezi kitakuwa njuga. Visu visivyo na komeo kabisa, vinavyoshikwa na springi peke yake, tuviache kwa kukata tu. Usichome navyo wala usibandue chochote.

Tukumbushane pia jambo la mpakani: uliza bei ni ya shilingi gani. Kuna watu wamefurahi kwa bei ya Kenya wakidhani ni ya Uganda, na furaha yao haikupita saa moja.

Wahunzi wetu

Kabla ya meli za Wajerumani na Waingereza, watu wa pande hizi hawakuagiza visu ng'ambo. Milima ya Samia, kusini mwa Busia, ina mawe ya chuma, na Wasamia walisifika kwa uhunzi. Majembe yao yaliuzwa mpaka kwa Wajaluo, na yalilipiwa mahari. Kazi ya kuyeyusha mawe imekwisha, lakini kazi ya nyundo haijafa. Wahunzi wa jua kali Kenya, na wa Katwe kule Kampala, hutumia springi za magari makuukuu, na tumekwisha sema springi ina nini ndani yake. Ni feleji nzuri kuliko ile ya visu vingi vinavyong'aa mezani. Na katika mji ambao malori hupanga foleni mchana na usiku, springi zilizovunjika hazikosekani gereji.

Mhunzi akikutengenezea, usimwambie tu "nifanyie kisu." Mwambie atumie springi, si nondo. Mwambie achovye katika mafuta, si maji baridi, kwa maana springi ikichovywa majini inaweza kupata ufa usioonekana. Mwambie apashe tena mpaka rangi ya majani makavu. Mlipe kwa hatua hiyo, kwa sababu ni muda wake. Halafu pima kwa tupa kama kawaida.

Kufanya kisu cha kukunja ni kazi ngumu kwa mhunzi, hasa komeo, na wengi hawatakitengeneza vizuri. Hapa tuseme wazi maoni yetu. Kwa kazi nzito kweli kweli, kisu kisichokunjwa kilichotoka kwenye springi, chenye ala ya ngozi au ya tairi, ni imara kuliko kisu chochote cha kukunja, cha bei yoyote. Hakina kiungo, kwa hiyo hakina pa kuvunjikia. Mtu anayepakua malori kutwa afikirie kuwa na kisu kama hicho kazini, na cha kukunja kibaki cha mfukoni.

Tupige hesabu kwa mfano. Kisu cha mezani kinakugharimu ujira wa siku moja, nacho kinakufa baada ya miezi miwili. Kwa mwaka umefanyia kazi visu siku sita. Kisu cha feleji ya kweli kinakugharimu siku nne, nacho kikitunzwa kinadumu miaka mitano. Kwa mwaka ni chini ya siku moja. Ugumu ni kupata zile siku nne kwa pamoja, na hapo ndipo kikundi husaidia. Watu 12 wa zamu moja wakichanga kidogo kidogo kila mshahara, wataweza kununua dazeni nzima kwa bei ya jumla, na kumtuma mwenzao mmoja anayejua kupima akachague.

Kutunza

Feleji huharibiwa na moto ule ule ulioitengeneza. Mtu akipeleka kisu chake kwenye jiwe la umeme la karakana bila maji, makali yakageuka buluu, ugumu umekwenda, na hakuna kunoa kutakakoufufua ila kusaga mpaka upite sehemu iliyoungua. Noa kwa kinoo na maji, kwa mkono, ukiinua mgongo wa kisu kidogo tu. Kwa kazi ngumu inua kidogo zaidi ili makali yawe mazito. Futa utomvu wa miwa na maji ya machungwa kabla ya kukikunja. Paka mafuta kidogo kwenye kiungo. Mafuta ya kupikia yanatosha, hasa kama kisu hicho hicho kinakata chakula. Feleji ya kaboni itageuka nyeusi nyeusi, na hilo si kosa. Kutu nyekundu ndiyo ya kusugua.

Kisu kikae kwenye mfuko wa zana wakati wa kwenda na kurudi. Mtu aliyekining'iniza kiunoni kwenye basi au kizuizi cha polisi atakuwa na kazi ya kujieleza, hasa usiku. Na aliyekatwa abane jeraha kwa kitambaa safi, aende zahanati siku hiyo hiyo akaulize juu ya sindano ya pepopunda. Kata iliyotokea kazini iandikwe katika daftari la ajali, hata kama ni ndogo.

Nani alipe?

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kisu ni cha kununuliwa na mfanyakazi. Lakini kama kazi yenyewe uliyopewa haifanyiki bila kisu, basi kisu ni zana ya kazi, kama ilivyo mashine. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamtaka mwajiri ahakikishe kwamba vyombo vya kazi vilivyo chini yake ni salama, kadiri inavyowezekana, na kifungu chake cha 21 kinasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote mbili zinamwekea mwajiri wajibu wa vifaa vya kinga, na hapo glovu za mtu anayeshika kisu kutwa zimo.

Upande wa Kenya kuna jambo jingine la kukumbuka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mshahara ukatwe kwa mali ya mwajiri iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Kisu kilichochakaa kwa kukata kamba za mwajiri hakikuharibiwa kwa makusudi. Mnyapara akiandika makato ya namna hiyo, mpelekee katibu wa tawi hati ya mshahara kabla mwezi haujapita.

Matawi yanayoandaa madai yao yasiandike "visu" tu, maana italetwa mizigo ile ile ya mezani. Yaandike: kisu chenye komeo, feleji iliyotajwa jina, ugumu usiopungua 55, kinoo kimoja kwa kila kikosi, na dakika za kunoa zihesabiwe kuwa ni saa za kazi.